Fainali ya 1947 isitumiwe kutetea biashara ya leo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji ili nijibu hoja inayorudiwa kila unapozuka mjadala wa kupeleka mechi za nyumbani katika nchi za mbali, yaani kwamba jambo hilo si geni kwa kuwa Waayalandi walikwishaipeleka New York fainali ya taifa lao ya mpira wa Kigaeli mwaka 1947. Tukio lenyewe ni la kweli. Hata hivyo, anayelitaja ili kutetea, kwa mfano, Super Cup ya Hispania, kombe la vilabu vya soka vya nchi hiyo, kuchezwa Saudi Arabia, ama hajui msimu ule ulivyokuwa, ama anadhani sisi wasomaji hatujui.

Mpira wa Kigaeli huchezwa na watu 15 kila upande, nao huruhusiwa kutumia mikono na miguu. Wakati wa fainali ile, mpira uliopita juu ya mwamba kati ya milingoti ulihesabiwa pointi moja, na ulioingia wavuni ulikuwa bao lenye thamani ya pointi tatu. Timu ni za kaunti, na wachezaji hawalipwi mshahara. Wakati ule mashindano yalikuwa ya mtoano mtupu: kaunti zilichujana ndani ya majimbo manne, bingwa wa kila jimbo akaingia nusu fainali, na aliyefungwa mara moja alirudi nyumbani kusubiri mwaka mwingine.

Mwaka 1947 haukuchaguliwa kwa kubahatisha. Ulitimiza miaka 100 tangu mwaka uliokuwa mchungu kuliko yote wa Njaa Kuu, ambayo ilianza 1845 baada ya ugonjwa kuteketeza viazi mashambani, ikaua watu wapatao milioni moja na kuwalazimisha wengine zaidi ya milioni moja kuihama nchi. Wengi wao walishukia New York, na uzao wao ulikuwa ungalipo huko. Padri Michael Hamilton wa kaunti ya Clare ndiye aliyelivalia njuga pendekezo hilo ndani ya Chama cha Michezo ya Kigaeli, naye alikumbana na upinzani mkali, maana kuiondoa fainali nchini kulikuwa ni kuwanyang'anya watu wa nyumbani siku yao kubwa kuliko zote. Upinzani huo ulikuwa na msingi, na sioni sababu ya kuuficha: fainali ya kwanza ya 1946, kabla ya ile ya marudio, ilijaza watu 75,771 katika uwanja wa Croke Park mjini Dublin, ilhali ile ya New York ilihudhuriwa na watu wasiofika 35,000.

Kinachosahauliwa zaidi ni njia iliyowafikisha huko wahusika, yaani kaunti za Kerry na Cavan. Kerry walikuwa mabingwa watetezi, wakashinda tena jimbo la Munster na kuwatoa Meath katika nusu fainali. Cavan walikuwa wamenyang'anywa taji la jimbo la Ulster na kaunti ya Antrim mwaka uliotangulia, wakalirudisha mwaka 1947, kisha wakawatoa Roscommon. Mechi hizo zote zilichezwa Ayalandi, mbele ya watu wa kaunti hizo, wala hakuna timu iliyosafirishwa kwa sababu ya ukubwa wa jina lake. Linganisha na Super Cup hiyo ya Hispania, ambayo siku hizi huchezwa na timu nne, hata aliyeshika nafasi ya pili kwenye ligi akipewa nafasi, ili nchi inayoyalipia mashindano ipate mechi nyingi zaidi za majina makubwa.

Fainali ilichezwa tarehe 14 Septemba 1947 katika Polo Grounds, uwanja wa besiboli, na mazingira yake hayakuwa ya kujivunia. Eneo la kuchezea lilikuwa jembamba, ardhi ngumu, na kilima cha udongo anaposimama mrusha mpira wa besiboli kiliachwa papo hapo uwanjani. Kerry walitangulia kwa mabao ya Batt Garvey na Eddie Dowling, lakini Dowling akaanguka vibaya juu ya ardhi ile na kutolewa akiwa ameumia. Cavan, wakiongozwa na nahodha John Joe O'Reilly, walijibu kwa mabao ya Joe Stafford na Mick Higgins, na Peter Donohoe akapachika pointi nane, nyingi kwa mipira ya adhabu. Cavan walishinda kwa mabao 2 na pointi 11 kwa mabao 2 na pointi 7, yaani 17 kwa 13. (Higgins, kwa taarifa ya wanaopenda mambo kama hayo, alizaliwa New York kwenyewe.)

Waliobaki nyumbani nao hawakutupwa. Redio ya taifa ilimtuma mtangazaji Michael O'Hehir, kijana wa miaka 27, na watu wakakusanyika usiku kuzunguka redio chache zilizokuwepo vijijini. Sherehe za ufunguzi zilichelewesha mchezo, na muda wa laini ya mawasiliano iliyokodishwa ukakaribia kwisha mechi ikiendelea. O'Hehir akaomba hewani, huku akitangaza, kwamba yeyote aliyekuwa akisikiliza huko kwenye mitambo awaongezee dakika tano tu. Laini haikukatwa, na Cavan nzima ikausikia ushindi wake. Kwa maoni yangu, dakika hizo ndizo zilizoiokoa fainali ile isiwe dhuluma kwa wenyewe.

Sisemi kwamba fedha hazikuhusika, kwani tiketi ziliuzwa kama kawaida. Ninachokataa ni kufananisha uamuzi uliobishaniwa na wajumbe wa chama cha wachezaji wa ridhaa, kwa ajili ya kumbukumbu ya mwaka mmoja maalumu, na mkataba wa miaka kadhaa ambao shirikisho huusaini na serikali ya nchi nyingine kwa malipo, kisha mashabiki wakaarifiwa. Tena Waayalandi wenyewe hawakuufanya uamuzi ule kuwa desturi. Tangu Septemba ile fainali haijatoka tena nje ya Ayalandi, ingawa jamii kubwa ya Waayalandi bado iko Marekani na safari ya ndege sasa ni ya saa chache tu. Ningependa wanaoutaja mwaka 1947 watueleze kwa nini.

Wako katika michezo,
Msomaji, Mwanza