Kabla ya kulipa seva nzima, angalia kwanza tovuti yako inabeba nini

Bwana Mhariri,

Salamu toka Bukavu. Naandika juu ya hii mambo ya kuhamisha tovuti, maana huku Ibanda sasa kila mwenye tovuti, hata ya farmasi ya kona, anaambiwa eti atoke kwenye seva ya pamoja (seva ndiyo ile kompyuta inayobeba tovuti) akodi mashine nzima yake peke yake, na wale wanaomwambia ndio wale wale wanaomuuzia. Mimi ni fundi, nimehamisha nyingi, zingine zilihama vizuri na moja niliiharibu, nitaisema hapa chini.

Kwenye seva ya pamoja tovuti mamia zinakaa mashine moja, mnagawana prosesa, memori, diski, mara nyingi hata adresi ya IP, ile namba ya mashine kwenye intaneti, ni moja. Ni kama parseli ya wapangaji yenye robine moja, wa chini akianza kufua nguo wewe wa juu ya mlima bidoni yako haijai. Na jirani akituma spamu, zile mail za takataka, ile adresi inaingizwa kwenye orodha nyeusi, na mail zako nazo zinatupwa bila wewe kukosea kitu. Hiyo shida ni ya kweli, sikatai.

Lakini sikia ya shule moja hapa kwetu. Siku ya kubandika matokeo wazazi walifungua wote saa ile ile, tovuti ikaleta kosa 508, ile unayopewa kwenye seva za pamoja ukipita kipimo chako cha prosesa ao memori. Prefe, mkuu wa shule, akaniita, kumbe kijana mmoja ameshamletea bei ya seva nzima, kwa mwezi, na kwa dolari. Nikamwambia "Papa Prefe, nipe siku mbili tu niangalie." Akasema "Fundi, siku mbili, ya tatu nalipa."

Nafungua ukurasa wa mwanzo nakuta picha 22 za sherehe ya kufunga mwaka, zimetoka kwenye simu moja kwa moja, kila moja megabaiti 4 ao 5. Yaani mzazi wa Kadutu anayetafuta tu asilimia ya mtoto wake anapakua karibu megabaiti 100, forfe yake ya intaneti inakwisha mbele hajaona jina. Picha zilikuwa zinaumiza wazazi, ila kilichoangusha tovuti yenyewe ni WordPress, ile programu inayoendesha tovuti, kujenga ukurasa upya na kuuliza databesi (ghala la data zake) kila mtu akifungua. Nikapunguza picha mpaka kilobaiti 150 hivi kila moja, nikaweka keshi (nakala ya ukurasa iliyokwisha kujengwa), nikang'oa plagini 9, vile vipande vya kuongezea programu, ambazo hakuna aliyejua zinafanya nini, na matokeo nikayaweka kwenye ukurasa mkavu wa HTML usiogusa databesi kabisa. Mwaka uliofuata yalifunguka bila shida, na tovuti ingali pale pale kwenye seva ya pamoja. Yule kijana hanisalimii tena, sawa tu.

Sasa wapo wanaohitaji kuhama kweli. Redio moja ya hapa ilikuwa na vipindi vya sauti vya miaka, na koperative moja ya kahawa ilichoka mail zake kurudishwa juu ya spamu ya jirani asiyejulikana. Nikawaweka kwenye seva moja pamoja na tovuti zingine sita wakachangia bei (kumbe tukarudia tena seva ya pamoja, tofauti ni kwamba wapangaji tunajuana). Na hapo ndipo niliona vitu ambavyo wauzaji hawavisemi.

Kwanza kunakili. Redio ilikuwa na gigabaiti 60. Ukizishusha kwenye laptop yako hapa Bukavu halafu uzipandishe tena huko, utamaliza makuta na mwezi utaisha. Unaingia kwenye seva mpya, unaiambia ivute yenyewe toka ile ya zamani kwa rsync, programu ya kunakili mafaili, data inatoka Ulaya inabaki Ulaya, haipiti kwenye modemu yako hata kidogo. Na unaifungulia ndani ya programu inayoitwa screen, juu SNEL ikikata umeme ile kazi inaendelea huko bila wewe, ukirudi unaikuta inakungoja. Mimi mara ya kwanza sikutumia screen, umeme ukakatika saa mbili usiku, nikaanza tena.

Pili ni DNS, lile daftari la intaneti linaloonyesha jina la tovuti liko kwenye adresi gani. Rekodi zingine zinawekewa TTL (muda ambao adresi inakumbukwa bila kuulizwa tena) ya sekunde 86400, ndiyo siku nzima, kwa hiyo ukibadilisha adresi leo kuna watu watapelekwa kwa seva ya zamani mpaka kesho. Siku mbili mbele ya kuhama unaishusha mpaka 300, unajaribu tovuti kwenye seva mpya kwa kuandika adresi kwenye faili ya hosts ya kompyuta yako, ambayo inaiangalia kabla ya kuuliza DNS, ukiona iko sawa ndio unageuza. Na ile akaunti ya zamani usiifunge, iache wiki mbili.

Mimi nilifanya yote hayo. Nilichosahau ni mail. Kwa koperative nilibadilisha neimuseva zote (mashine zinazotunza DNS yake), lakini kwenye zone mpya, yaani orodha mpya ya rekodi, sikuandika rekodi ya MX, ile inayosema mail ipelekwe wapi, na pasipo MX mail inaenda kugonga kwenye adresi ya tovuti yenyewe, ambako sikuwa nimeweka programu yoyote ya kuipokea. Tovuti ilikuwa inapaa, kila mtu ananipongeza. Siku mbili mail haziingii. Mnunuzi wa Ubelgiji alikuwa anangoja jibu kuhusu magunia, hakupata, mwisho akapigia simu prezida wa koperative akimuuliza kama wamefunga. Niliweka MX na SPF (rekodi inayosema seva gani zinaruhusiwa kutuma mail kwa jina lako) usiku huo huo, mail zingine zikaingia zenyewe maana seva ya mtumaji huwa inajaribu tena na tena kwa siku kadhaa, ila ile aibu ilishaingia.

Halafu kuna ulinzi. Kwenye seva ya pamoja kuna watu wanaopachika masasisho wewe umelala. Kwenye seva yako, kama hukulipia ile yenye usimamizi, mlinzi ni wewe. Saa ya kwanza tu nafungua logi, daftari la matukio ya seva, nakuta mashine za watu nisiowajua zinajaribu kuingia kwa jina root, admin, test, mamia ya mara. Nikafunga kuingia kwa neno la siri, nikabakisha funguo za SSH, ile njia ya kuingia kwenye seva toka mbali. Na wale wanaosema diski mbili za RAID, zinazoandikwa sawa sawa, ni bakapu (nakala ya akiba), hapana, ukifuta faili inafutika kwenye zote mbili sekunde ile ile.

Bei pia. Shule inapata makuta wazazi wakilipa minervali, karo ya shule, kwa trimestri, wakati seva inalipwa kila mwezi kwa kadi, na kadi ikikataliwa wanakuzimia, baadaye wanafuta diski wampe mwingine. Huyo Prefe angelipa miezi mitatu, wa nne je? Kuna VPS katikati, kipande cha mashine ulichotengewa wewe, bei ni ndogo sana, sijui kwa nini hakuna anayeitaja.

Wanaouza seva waandike kwenye karatasi nani atapachika masasisho, bakapu iko wapi, na domeni, jina la tovuti yenyewe, imeandikwa kwa jina la nani.

Mama sekretere wa koperative bado ananipigia kila Jumatatu asubuhi, hata salamu hamalizi: "Fundi, mail iko?"

Iko, Mama.

Fundi wa kompyuta,
Ibanda, Bukavu