Baba yako anauliza kama aje shuleni

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Huku Makorora hatujambo. Bibi yako miguu inamsumbua, ila mdomo mzima. Nakuandikia kwa sababu simu huko shuleni ni marufuku, na kwa sababu tukikaa mimi na wewe nikimtaja baba yako unasema "yamepita, mama", kisha unakwenda kufua viatu. Barua huwezi kuikimbilia viatu.

Amepiga simu kutoka Bagamoyo. Anauliza kama anaweza kuja siku ya wazazi. Nimemwambia mwenye jibu ni wewe. Alinyamaza, halafu akasema "haya". Kabla hujajibu nataka tuiseme ile Jumapili ya baada ya Idi alipokuja nyumbani, maana kesho yake ulipanda basi la Lushoto na hakuna aliyefungua kinywa.

Kwanza la bibi yako, nilimalize. Alikubana mbele za watu: mkumbatie baba yako, mwambie umemsamehe, usije ukakosa radhi. Radhi ya mzazi ni jambo kubwa, sitakufundisha kuidharau. Lakini ulimwamkia, ukapokea mfuko wake wa machungwa ya Muheza, ukamletea maji ya kunawa, ukakaa naye mpaka akaondoka. Adabu yako ilitimia. Kupenda kwa amri hakumo humo, na bibi nimeshamwambia hivyo. Amenuna, akitaka chai ataongea.

Nilisikia ulivyosema "Shikamoo mzee", badala ya baba. Naye alisikia. Akakuuliza uko darasa la ngapi, wewe wa kidato cha tatu ambaye ndevu zinachungulia. Na alipokukumbatia nilikuona ukivuta pumzi, unamnusa. Usione haya. Mimi nilishamnusa mlangoni.

Hakuwa amekunywa. Najua ile mikono iliyomwaga chai kwenye kisahani ilikutia shaka, lakini pombe ya miaka mingi huharibu mishipa ya fahamu, na si kila kilichoharibika kinarudi. Alipojaribu kuacha mara ya kwanza aliacha ghafla, peke yake, kwa shangazi yako. Mwili uliozoea pombe kila siku ukinyimwa hivyo hutetemeka, hutoka jasho, na siku mbili tatu za mwanzo mtu anaweza kuanguka degedege au kuweweseka akiona visivyokuwepo. Wengine hufa. Shangazi yako alisema ni jini, likaandikwa kombe. Bahati jirani alimpakia kwenye bajaji akampeleka hospitali, na kutoka huko ndugu zake wakachanga wakampeleka soba hausi, nyumba ya kuachia ulevi, Bagamoyo. Sikuelezi haya ili umwonee huruma. Sitaki umhukumu kwa mikono, wakati ya kumhukumia yapo mengine tele.

Sasa ile karatasi. Alipoitoa mfukoni akaanza, "Nimekuja kuomba radhi kwa yafuatayo," mjomba wako aliinama akatazama mkeka. Hata mimi ilinikera, nikaona kama tunasomewa tangazo la serikali ya mtaa. Baadaye nilimuuliza. Kumbe huko wana mikutano, utaratibu ulioanzia Marekani mwaka 1935 kwa walevi wawili, mmoja wao daktari wa upasuaji. Katika hatua zake, mtu anaandika orodha ya watu aliowaumiza, kisha anawaendea kutengeneza alichoharibu, pale inapowezekana. Basi hakuwa anatudharau. Alikuwa anafuata alivyofundishwa, na kusema bila kuandika ameshasahau.

Akasoma ada zisizolipwa. Akasoma kelele za usiku, na siku aliyolala mtaroni Ngamiani wenzako wakapita wakamwona. Akaikunja. Ndipo wewe ukasema neno lako la mchana mzima: "Na baiskeli?" Akakutazama. "Baiskeli gani?" Ukainuka ukaenda uani.

Mwanangu, hakuwa anakudanganya. Hapa ndipo ninapotaka unisikilize, mengine unaweza kuyapitia juujuu. Mtu akinywa pombe nyingi kwa haraka, ubongo huacha kuhifadhi yanayotokea. Anatembea, anaongea, anapatana bei na mtu, na asubuhi hana hata kipande. Siku ile ambayo wewe unayo kichwani tangu darasa la pili, yeye hakuwahi kuwa nayo, na hataipata hata akae soba mpaka uzeeni. Ukisubiri aikumbuke ndipo mambo yenu yaanze, utasubiri bure. Lakini ilitokea. Mimi nilikuwepo, na kwa kuwa kwenye karatasi yake haimo, naiandika kwenye hii.

Baiskeli ilikuwa ya bluu, kengele upande wa kushoto. Mjomba alikununulia ulipohitimu juzuu Amma. Mwaka ule wa 2017 serikali ilipiga marufuku viroba, zile pakiti za pombe kali, kuanzia mwezi Machi, nami nilishangilia kuliko mwanamke yeyote wa mtaa huu, nikidhani pakiti zikiisha mifukoni mwa suruali na ugonjwa umeisha nyumbani. Baba yako akahamia kwenye gongo, na akipata hela kwenye vibapa, zile chupa ndogo bapa, na kibapa hakinunuliwi kwa bei ya kiroba. Alasiri moja ukiwa madrasa akaitoa uani. Uliporudi uliitafuta mpaka chooni. Alikuwa amelala sebuleni, ukamwamsha ukamuuliza. Akasema uliiacha nje mwenyewe ikaibiwa, akakuzaba kofi.

Hukuiacha nje. Uliifunga kwenye nguzo ya jiko kwa ule mnyororo wa kufuli, na mnyororo niliukuta sakafuni umefunguliwa kwa funguo. Baiskeli yenyewe niliikuta Ngamiani kwa fundi, imeshapakwa rangi nyekundu, kengele ileile. Fundi hakuwa mwizi, alinunua kwa mtu mzima aliyesema ni mali yake. Alitaka elfu arobaini na sikuwa nazo. Tangu hapo, katika mji huu ambao hata shehe anakwenda msikitini kwa baiskeli, wewe unatembea kwa miguu, na mjomba alipotaka kukununulia nyingine ulisema hupendi.

Nimemsomea baba yako haya kwenye simu, neno kwa neno. Alilia, au alikohoa, mtandao ulikuwa mbaya. Akasema ataiongeza kwenye orodha. Kama hilo linakutosha au halikutoshi, sikupangii.

Tena kuna jambo usije ukajitwisha. Anaweza kuteleza. Wengi wanaoacha huteleza, wakaanza upya, na wapo wasioanza tena. Siku akirudia chupa haitakuwa kwa sababu ulimwita mzee, wala kwa sababu ulimkatalia kuja Lushoto. Alikunywa kabla hujazaliwa. Kumlinda asinywe si kazi yako, na usikubali mtu akupe kazi hiyo, hata akiwa bibi, hata akiwa yeye mwenyewe. Na wewe, wenzako wakikuonjesha, kumbuka mtoto wa mlevi yuko kwenye hatari kubwa kuliko mwenzake. Hilo nimesema, sirudii.

Zamani nilipokwenda ustawi wa jamii kudai matunzo yako, afisa aliniambia Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakupa haki ya kutoa maoni na kusikilizwa katika maamuzi yanayokuhusu. Niliyachukulia kama maneno ya ofisini, maana nilichofuata mimi ilikuwa hela ya unga. Leo ninayatumia.

Patroni wenu anataka majina ya wageni wiki moja kabla. Ukiandika langu na la mjomba tu, baba yako nitamwambia bado, na sitakuuliza kwa nini. Ukiandika na lake, atakuja kwa nauli yake, atakaa saa moja, nami sitaondoka mlipo. Ukichoka niambie una kiu, nitaelewa, nitamwambia aage. Hela asikupe wala usimpe. Asikuahidi baiskeli pia, nimeshamkataza. Kama unaona bora aje muhula ujao, au akuandikie kwanza, sema hivyo hivyo.

Mletaji wa barua hii anashuka Tanga Ijumaa, mpe jibu akiwa anaondoka. Nimempa sabuni nne, sweta na daftari za hesabu. Zihesabu sabuni mbele yake.

Mama yako,
Makorora, Tanga