Lugha ya programu ya Kiswahili isifungwe kwenye bodi moja

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme machache kuhusu hamu iliyowashika vijana wetu wa vyuo, Unguja na Pemba, ya kutengeneza lugha ya programu yenye maneno ya Kiswahili kwa ajili ya bodi ndogo za kuendeshea pampu, taa na vikaushio vya mwani. Wanaochagua lugha ya rundo, mtindo wa lugha ya programu iitwayo Forth, wanachagua vizuri. Ila karibu wote wanaanzia kwenye maneno, yaani amri za lugha, "washa", "zima", "rudia", na hiyo ndiyo sehemu nyepesi kuliko zote. Jioni moja inatosha. Kinachoiua lugha ni siku ile bodi iliyozoeleka inapokosekana Darajani, na iliyopo dukani ni ya chipu nyengine kabisa.

Kwa wasioijua, katika lugha ya rundo namba hupangwa kama masinia ya pilau baada ya shughuli: la mwisho kuwekwa ndilo la kwanza kuondolewa. Ukiandika 3 4 +, inawekwa 3, juu yake 4, kisha alama ya kujumlisha inaziondoa zote mbili na kuacha 7. Hakuna mabano wala kanuni za kipi kitangulie, ndiyo maana lugha nzima inaenea katika kilobaiti chache. Charles Moore, aliyeibuni Forth, aliitumia mwanzoni mwa miaka ya 1970 kuendesha darubini ya redio ya Kitt Peak, Arizona. Chombo cha Philae, kilichotua juu ya nyota yenye mkia mwaka 2014, kilibeba prosesa za RTX2010 zilizoundwa mahsusi kwa lugha hiyo. Si kitu cha kuchezea watoto.

Njia ya kuihamisha kutoka mashine moja hadi nyengine inajulikana zamani. Kikundi cha Forth Interest Group, kilichoanzishwa Marekani mwaka 1978, kilisambaza Forth moja kwa chipu nyingi, zikiwemo 6502 na 8080, kwa kuandika msingi mdogo kwa lugha ya kila chipu na kuyaandika yaliyobaki kwa Forth yenyewe. Mwaka 1990 Bill Muench na C. H. Ting waliupunguza msingi huo katika eForth hadi maneno 31. Kuchapisha namba, kutafuta neno kwenye kamusi (orodha ya maneno yote iliyomo kwenye kumbukumbu ya bodi), hata kompaila yenyewe inayogeuza maandishi kuwa programu ya kuendeshwa, vyote viko juu ya hayo 31. Chipu ikibadilika unaandika upya vipande hivyo vifupi tu. Mwanafunzi aliyeandika maneno mia na zaidi kwa asembla, ile lugha ya chipu yenyewe, ajue kwamba amejifunga.

Jambo la kuamua siku ya kwanza ni upana wa seli, yaani namba moja ya kwenye rundo ina biti (tarakimu za 0 na 1) ngapi. Walioiunda mashine ya kuendeshea programu za lugha ya Java, ambayo nayo ni ya rundo, waliamua namba ya kawaida iwe biti 32 popote itakapokwenda. Forth iliiachia kila mashine upana wake. Chukua pampu ya kujaza simtanki iliyopangiwa kwenda sekunde 90, na programu ikaandika milisekunde 90000. Kwenye bodi ya ESP32, yenye seli za biti 32, pampu inakwenda sekunde 90 kamili. Ihamishie programu ile ile kwenye bodi ya Arduino Uno yenye lugha ya seli za biti 16. Namba kubwa kabisa inayoingia humo ni 65535, na lugha nyingi ndogo huikata ziada bila kusema neno. Inabaki 24464, na pampu inazima baada ya sekunde 24 na nusu. Fundi atabadilisha rilei, atabadilisha pampu, na tatizo halimo katika hata kimoja. Ninavyoona mimi, wekeni biti 32 kwenye kila bodi. Chipu ya biti 8 itajumlisha kwa hatua nne badala ya mbili, na rundo la seli 32 litachukua baiti 128 (baiti ni biti 8) kati ya 2048 za Uno badala ya 64. Pampu ya maji haina haraka ya kutushinda hapo.

Kosa linalosumbua kuliko yote ni la anwani, yaani namba ya mahali kila baiti inapokaa kwenye kumbukumbu. Chipu ya RP2040 iliyomo kwenye Raspberry Pi Pico haikubali kusoma seli ya baiti 4 kutoka anwani isiyogawanyika kwa 4. Inasimama papo hapo. Kompyuta ya mezani inakubali, kwa hiyo lugha iliyojaribiwa kwenye laptopu huonekana nzima. Sasa tazama kamusi: jina la kila neno hutanguliwa na baiti 1 ya urefu, kisha zinafuata herufi zake. Neno "lia" ni 1 na 3, jumla 4, linapita salama. "Washa" ni 1 na 5, jumla 6, seli inayofuata inaangukia pabaya na bodi inaganda. Mwanafunzi anaona neno moja linakubali na jengine linakataa, anaanza kuulaumu waya wa USB. Dawa yake ni kusogea mbele, baada ya jina, hadi anwani inayogawanyika kwa 4. Kwa "washa" ni baiti 2 za kujazia.

Kugawanya nako kunataka uamuzi. -7 kwa 2 mashine moja hutoa -3 na baki -1, nyengine -4 na baki 1. Zote mbili ni sahihi kihesabu, lakini lugha ichague moja. Hapa kwetu joto haliendi chini ya sifuri. Tofauti ya kina cha maji huenda.

Uno ina shida yake peke yake. Maagizo ya chipu yake, ATmega328P, huendeshwa kutoka kwenye flashi (kumbukumbu isiyofutika umeme ukikatika) ya kilobaiti 32 tu, si kutoka kwenye RAM, kumbukumbu ya muda. Flashi hiyo huandikwa kwa kurasa za baiti 128, na ukurasa hudhaminiwa kuandikwa mara 10,000. Lugha inayotunga maagizo ya mashine moja kwa moja kwenye RAM haitahamia huko. Inayotunza kila neno kama orodha ya anwani, au ya tokeni (namba fupi za kuwakilisha maneno) za baiti moja moja, itahamia, maana orodha ni data tu na inaweza kukaa popote. Kiwango cha Open Firmware, cha programu ya kuwashia kompyuta, IEEE 1275 cha mwaka 1994, kilitumia tokeni za namna hiyo ili kadi moja ya kuchomeka isomeke kwenye mashine zenye prosesa tofauti. Na unapohifadhi neno jipya kwenye flashi, andika mwili wake kwanza, na kiungo cha kuliingiza kwenye kamusi kiwe cha mwisho. Umeme ukikatika katikati, linapotea neno hilo moja, kamusi inabaki.

Ukiwa na bodi mpya, anza na neno la kutoa herufi moja kwenda kwenye kompyuta. Likishakubali, lifuate la kupokea herufi, kisha kuweka na kuondoa kwenye rundo, kisha kile kipande kinachoruka kutoka neno hadi neno. Zikitoka herufi za ajabu ajabu usiiguse lugha, angalia kasi ya mawasiliano. ATmega328P ya megahezi 16 kwa kasi ya biti 115200 kwa sekunde hukosea asilimia 2.1 au 3.5 kutegemea ilivyopangwa; kwa 38400 ni asilimia 0.2 tu.

Walimu wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) na wa Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Karume, Mbweni, wanaposimamia miradi ya aina hii, nawaomba wasiupokee mradi mpaka faili moja la majaribio lipite kwenye Uno na Pico bila kubadilishwa hata herufi. Faili lenyewe si refu: 90000 ichapishwe 90000, -7 igawanywe kwa 2, yaundwe majina ya herufi 1 hadi 8 na yote yaitwe, neno lihifadhiwe, bodi ichomolewe na kuchomekwa tena, kisha neno liitwe.

Fundi wa vifaa vya kielektroniki,
Chake Chake, Pemba