Barua ya wazi kwa Spika wa Bunge la Taifa la Kenya: ripoti za wabunge waliouawa ziko wapi?

Mheshimiwa Spika,

Nakuandikia wewe, si polisi na si Ikulu, kwa sababu hawa watu walikuwa wabunge. Pio Gama Pinto alikuwa mbunge alipopigwa risasi nje ya nyumba yake Westlands tarehe 24 Februari 1965, mtoto wake mdogo akiwa kwa gari. Tom Mboya alikuwa mbunge na waziri alipouawa akitoka duka la dawa katikati ya Nairobi, Julai 5, 1969. J.M. Kariuki mbunge, 1975. Robert Ouko mbunge na waziri wa mambo ya nje, 1990. Alafu Aprili 30, 2025 mbunge wa Kasipul, Charles Ong'ondo Were, akapigwa risasi na mtu wa pikipiki kwa barabara ya Ngong. Hiyo ya Were iko kortini na sitaigusa. Lakini hizo za zamani zilipita kwa mikono ya Bunge, na ni Bunge lilizizika.

Ukizisoma vizuri hizo kesi unaona kila mara anashikwa yule wa bunduki na hapo ndo mambo yanaisha. Kisilu Mutua alihukumiwa kwa kifo cha Pinto akakaa jela mpaka 2001, na Jaji Mkuu John Ainley mwenyewe alisema kesi inaonekana haijakamilika na huenda wahusika wote hawakuletwa mbele yake. Jaji anasema hivyo na hakuna mtu aliyeenda kuwatafuta hao wengine! Njenga Njoroge wa kesi ya Mboya naye inasemekana aliuliza mbona hawamwendei yule mkubwa. Akanyongwa Novemba 1969 kwa siri, na kwa sababu ya hiyo siri mpaka leo kuna watu wanaapa ati hakunyongwa, alitoroshwa akapelekwa nchi nyingine. Mimi siamini hiyo stori maana sijaona ushahidi wake hata kidogo, lakini naelewa kabisa imetoka wapi, ukimnyonga mtu gizani usishangae watu wakisema hukumnyonga.

Na hapa nataka tuongee ukweli kuhusu uzushi, kwa sababu kila mara wananchi wakiuliza nani alituma wauaji wanaambiwa waache porojo. Nani alianza porojo? JM alionekana mara ya mwisho Machi 2, 1975 akitoka hoteli ya Hilton na mkuu wa GSU, kile kikosi maalum cha polisi, siku inayofuata mwili wake ukapatikana Ngong, na wakati mwili uko mochari bila jina gazeti likaandika yuko Zambia, na familia inamtafuta kila mahali. Ouko alipatikana kwa kilima cha Got Alila akiwa amepigwa risasi na kuchomwa moto, tukaambiwa labda alijiua. Watu wakishadanganywa namna hiyo mara mbili hawaamini tena hata wakiambiwa kitu cha kweli, wanajaza pengo na lolote wanalosikia, na kwa nchi yetu lile pengo linajazwa na kabila. Baada ya Mboya tuliona hiyo, uchungu wote uliishia Kisumu, kwa Wajaluo wenzake, Oktoba 1969, watu wakapigwa risasi mbele ya hospitali siku ya kuifungua.

Bunge lako liliwahi kuwa na moyo, na ningependa wabunge wa sasa walijue hilo. Kamati teule ya Elijah Mwangale ilichunguza kifo cha JM ndani ya miezi michache, ikataja watu, na majina mawili ya watu wa karibu na Ikulu yakaondolewa kabla ripoti haijafika kwa wabunge. Hata hivyo wakaipitisha kwa kura 62 dhidi ya 59. Masinde Muliro alikuwa waziri, akapiga kura na kamati, akafutwa kazi. Oktoba hiyohiyo Martin Shikuku na Jean-Marie Seroney wakachukuliwa na polisi hapo hapo Bungeni wakawekwa kizuizini bila kesi. Seroney alikuwa Naibu Spika, Mheshimiwa. Alikuwa anakalia kiti unachokalia wewe leo.

Baada ya hapo ni kama woga uliingia kwa kuta. Ya Ouko iliundiwa tume ya Jaji Gicheru na Rais akaivunja 1991 kabla haijamaliza kazi, alafu kamati ya Gor Sunguh ikasikiliza mashahidi kwa muda mrefu na ripoti yake ikakataliwa na Bunge 2010. Ripoti ya TJRC, ile Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, ilikabidhiwa Mei 2013, ina sehemu nzima ya mauaji ya kisiasa, Bunge likabadilisha sheria ili liijadili lenyewe kwanza, na haijatekelezwa mpaka saa hii.

Najua mtu atasema hayo ni ya kale. Si ya kale, kwa sababu mbinu ni ileile na sasa imekuwa biashara. Tuko na sheria ya kuzuia uhalifu wa kupangwa tangu 2010 na magenge kibao yamepigwa marufuku kwa gazeti la serikali, lakini uchaguzi ukikaribia vijana haohao wanaonekana wamevalishwa shati za kampeni. Juni 17, 2025 tuliona wahuni kwa pikipiki wakipiga waandamanaji mchana kweupe Nairobi. Genge la kukodiwa linafaa mwanasiasa kwa sababu kijana anamjua tu aliyempa pesa, na huyo anamjua mwingine, na ukimshika kijana kamba inakatikia hapo, yaani ni Pinto tena. Chris Msando wa tume ya uchaguzi, IEBC, aliuawa siku chache kabla ya uchaguzi wa 2017 na hata yule wa chini kabisa hatujaonyeshwa.

Naomba hivi. Weka mezani ripoti ya Mwangale pamoja na ule ukurasa wenye majina yaliyoondolewa. Toa ushahidi wote uliosikilizwa na kamati ya Sunguh, hata ule ambao wanakamati hawakukubaliana juu yake, kwa sababu kukataa ripoti si sababu ya kuficha maneno ya mashahidi. Na TJRC ipewe siku ya mjadala. Kifungu cha 35 cha Katiba kinanipa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, kwa hivyo si huruma nakuomba. Kama ndani ya hizo karatasi kuna mtu amesingiziwa miaka yote hii, naye asafishwe, huyo pia ana watoto.

Emma Pinto alikufa 2020 bila kujua nani alituma wauaji wa mume wake. Pamela Mboya alishakufa, Christabel Ouko alishakufa. Watoto wao bado wako, na wengine wao sasa ni watu wazima wenye wajukuu. Tafadhali tuambie ni kikao gani hizi ripoti zitaletwa, na kama hazitaletwa simama kwenye hicho kiti useme ni nani amekataa, iandikwe kwa Hansadi, kumbukumbu rasmi za Bunge.

Ni mimi mpiga kura.