Shukrani kwa muuguzi nisiyemjua jina

Binti yangu uliyenivuta pembeni uliponiona naulizia choo tena, asante. Hukunionea huruma; uliuliza tu, "Mama, mkojo unakutoka ukikohoa, au unakubana ghafla hata hufiki?" Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo, hata madaktari. Ukanieleza kwamba hedhi ikikoma estrojeni, ile homoni ya kike, hupungua, na misuli ya nyonga inayoshikilia kibofu inaweza kulegea. Ukanifundisha kuikaza kama anayezuia mkojo, kuhesabu hadi 5, kuachia, kurudia mara 10, kutwa mara 3, tena kwa miezi, si wiki moja. Maji nisijinyime, ukasema, maana mkojo mzito huchokoza kibofu. Kahawa ndiyo nipunguze. Sasa nacheka bila kubana miguu. Chafya bado naiogopa kidogo. Mungu akuzidishie, mwanangu.