Mabonge ya protini si lazima yawe ndiyo muuaji

Mhariri,

Mgonjwa wa Huntington, ugonjwa wa ubongo wa kurithi, ambaye viungo vyake hucheza bila yeye kutaka, asikimbiliwe kuambiwa ana mapepo. Ni jeni. Kwa binadamu, marudio 40 ya CAG, herufi tatu za DNA, ndani ya jeni hiyo yanatosha kuleta ugonjwa. Panya wa R6/2, panya wa maabara waliopandikizwa kipande cha jeni hiyo London mwaka 1996, wana kama 150. Protini inayotokana na jeni hiyo hujikunja vibaya, ikagandamana kuwa mabonge ndani ya kiini cha seli ya neva.

Mabonge hayo hayayeyuki hata kwa SDS, sabuni kali ya maabara. Kwenye jeli ya kutenganisha protini hukwama juu, mdomoni mwa kisima, yaani kishimo cha kuwekea sampuli, na asiyejua husema hayapo. Yachujwe kwa utando wa selulosi asetati wa maikromita 0.2, yatabaki juu yake.

Tusiyahukumu haraka kuwa ndiyo yanayoua neva, lakini. Mwaka 2004, neva zilizokuzwa maabara zilizokuwa na mabonge zilidumu kuliko zisizo nayo.

Wasomaji wenu,
Dar es Salaam