Shukrani kwa dada aliyenifundisha kuhesabu noti za muziki

Mimi ni mpiga kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, katika taarabu. Kwa miezi mingi nilihangaika kuifanya kompyuta itunge miondoko ya Rast, mojawapo ya maqamu, yaani ngazi za noti za muziki wa Kiarabu, lakini programu niliyokuwa nayo ilizijua nusutoni tu, zile hatua ndogo kabisa za piano, ilhali noti ya tatu ya Rast hukaa katikati ya mi na mi bemoli, yaani mi iliyoshushwa nusutoni. Kila kilichotoka kiliumiza masikio.

Dada mmoja, ambaye ameniomba nisimtaje jina, aliketi nami Jumamosi nne mfululizo bila kudai hata nauli. Hakuanza na kompyuta. Alinipa karatasi ya miraba, akanitaka nihesabu, katika bashrafu, vile vipande vya ala vya kufungulia taarabu, nilizozizoea, ni noti ipi hufuata ipi na mara ngapi. Kisha tukatupa dadu kuchagua noti inayofuata, kwa kufuata hesabu hizo. Hivyo nikauelewa mnyororo wa Markov kwa mikono yangu, njia ambayo Lejaren Hiller na Leonard Isaacson waliitumia katika Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, walipotunga kwa kompyuta muziki wa ala nne za nyuzi katika miaka ya 1950. Ndipo akanifungulia Pure Data, programu ya muziki isiyolipiwa, ambayo kila noti huiandika kwa namba, akanionyesha kwamba penye 64, namba ya mi, naweza kuandika 63.5. Noti ile ilipokaa mahali pake, machozi yalinilengalenga.

Dada yangu, nakushukuru mbele ya watu. Nanyi mnaozijua programu hizi, mtafuteni mpiga ala mmoja wa mtaani kwenu, mketi naye hata Jumamosi moja.